Visima vitatu vya Isaka na marahaba yetu

Jioni ile nilikuwa kibarazani kwa jirani yangu, mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Maalim kwa sababu amewasomesha watoto wetu Kurani na Kiarabu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilikuwa na Biblia mapajani. Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kusoma somo, na somo lenyewe lilikuwa Mwanzo 26, habari za Isaka na visima vyake. Huwa nasoma kwa sauti kabla ya siku kufika, maana majina ya Agano la Kale humkwaza msomaji asiyeyazoea. Nikafika mstari wa 22, nikalitamka polepole: Re-ho-bo-thi.

Maalim akaacha kuvuta tasbihi. "Hilo jina maana yake nini, mwanangu?"

Nikamwambia kwamba maana yake ni nafasi, mahali palipo wazi.

"Ulipoingia hapa uliniamkiaje?"

"Shikamoo, Maalim."

"Nami nikakuitikiaje?"

"Marahaba."

"Basi ndilo hilo hilo."

Nilidhani ananitania. Akachukua kijiti akaandika mchangani herufi tatu za Kiarabu: re, he ile ya kooni, na be. Mwarabu akikwambia marhaba, akanieleza, anakwambia pana nafasi hapa, ingia, hutabanwa. Asili yake ni upana. Nilipofika nyumbani nikatafuta, nikakuta Kiebrania nacho kina herufi hizo tatu kwa mpangilio huo huo: rehov ni mtaa au uwanja wa mji, na Rehobothi ni mahali papana. Neno ninalolisikia kila asubuhi, tangu siku niliyofundishwa kuwaamkia wakubwa, lilikuwa limelala ndani ya kisima cha Isaka, nami nililipita kila mwaka bila kulitambua.

Sura yenyewe nikaisoma upya. Isaka yuko ugenini katika bonde la Gerari. Watumishi wake wanachimba, wanapata maji ya kububujika, na wachungaji wa Gerari wanakuja juu wakidai maji ni yao. Isaka anakiita kisima Eseki, yaani ugomvi. Wanachimba cha pili, nacho kinagombaniwa. Anakiita Sitna, yaani uadui, jina lililotoka shina moja na Shetani, mpinzani na mshtaki. Isaka hapigani. Anahama, anachimba cha tatu, na safari hii hakuna anayemfuata. Ndipo anasema Mungu amewapa nafasi, na kisima kinaitwa Rehobothi. Aliyekulia karibu na wafugaji, akaona foleni ya ng'ombe kisimani mwezi wa ukame na wenye fimbo wanavyoangaliana, hahitaji kuelezwa uzito wa majina hayo matatu.

Tangu jioni hiyo nimekuwa nikiyafuatilia majina ya mahali katika Maandiko kama mtu anayefuata nyayo. Jambo moja limenijia tena na tena: msomaji wa Kiswahili anazo funguo ambazo wasomaji wengi duniani hawana, nazo ziko katika maneno tunayoyatumia sokoni na jikoni. Kiswahili si ndugu wa Kiebrania; mifupa yake ni ya Kibantu, na yeyote asemaye vinginevyo anapotosha. Lakini upepo wa kaskazi umetuletea maneno ya Kiarabu kwa karne nyingi, na Kiarabu ni ndugu wa damu wa Kiebrania, Kiaramu na Kiakadi cha Babeli. Lugha hizo hujenga maneno yao juu ya konsonanti, mara nyingi tatu, na irabu hubadilika juu yake. Kwa hiyo neno linaweza kutoka Yerusalemu ya kale na lingine likatoka Muskat, yakakutana Tanga yakiwa na sura ya ukoo mmoja.

Chukua Beer-sheba, mji wa kusini ambako Isaka alihamia baada ya Rehobothi. Beer ni kisima. Sheba ni saba, saba yetu hii hii ya kuhesabia. Kanuni ni kwamba mahali Kiebrania kinaposema sh, mara nyingi Kiarabu husema s: shalom na salamu, sheva na saba, rosh ambayo ni kichwa na rasi yetu, kichwa cha nchi kinachoingia baharini. Mwanzo 21 inasema Abrahamu alitenga wana-kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba kisima alikichimba yeye. Lakini sura hiyo hiyo inasema pia kwamba Abrahamu na Abimeleki waliapiana pale, na katika Kiebrania kuapa kuna konsonanti zile zile za saba. Kisima cha saba au kisima cha kiapo? Mwandishi anakupa yote mawili, kisha katika sura ya 26 anakuja Isaka, kisima kinachimbwa, na jina linaelezwa upya. Wapo wanaoona hapo kasoro. Mimi naona watu walioishi na jina hilo vizazi kwa vizazi, kila kizazi kikilisikia kwa sikio lake.

Au chukua usiku wa Yakobo, jiwe chini ya kichwa, ngazi imefika mbinguni. Asubuhi anapaita mahali pale Betheli, na Mwanzo 28:19 inaongeza kwamba zamani mji ule uliitwa Luzu. Luz kwa Kiebrania ni mlozi. Sisi tunasema lozi, ile inayotiwa kwenye pilau ya harusi. Na Beth ni nyumba, bayt ya Waarabu, ambayo kwao ni nyumba na pia ni mstari wa shairi. Sisi tuliichukua ile ya shairi: ubeti, beti. Mshairi wa mwambao anayetunga beti anajenga vyumba bila kujua, na kila anaposoma Betheli, Bethania, Bethsaida, anapita mbele ya mlango ule ule.

Bethlehemu ndiyo iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote. Wahubiri hutuambia ni nyumba ya mkate, nao wako sahihi kwa Kiebrania: lehem ni mkate. Waarabu wanaoishi humo hadi leo wanauita Bayt Lahm, na kwao lahm ni nyama. Konsonanti tatu, vyakula viwili. Mkulima alizielewa kuwa mkate, mfugaji akazielewa kuwa nyama. Sasa sikiliza Kiswahili. Kariakoo niliwahi kusimama mbele ya meza ya fundi redio, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alishika pasi yake ya umeme, akagusa waya, tone la fedha likayeyuka, likatulia, nyaya mbili zikawa moja. Nikamuuliza kile kitu kinaitwaje. "Lehemu," akasema, kama mtu anayejibu jambo la kawaida kabisa. Siku hizi vijana husema kuchomelea, lakini kwa mafundi wa zamani kulehemu bado kuko hai. Neno hilo limetoka kwa Waarabu, na shina lake ni lile lile: Kiarabu hulitumia kwa nyama, kwa kuunganisha chuma, na hata kwa kidonda kinachofunga. Sisemi Bethlehemu maana yake ni nyumba ya lehemu. Hiyo si kweli hata kidogo. Nasema kwamba mtu anayesema Kiswahili akitamka jina la mji alikozaliwa Bwana, ulimi wake unagusa familia ya maneno ambayo tayari anayo mfukoni.

Utamu wa mambo haya unaweza kumpoteza mtu, hata mtu msomi. Kamal Salibi alikuwa mwanahistoria wa Lebanoni mwenye heshima kubwa, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mwaka 1985 alitoa hoja kwamba nchi ya Biblia haikuwa Palestina bali Asir, magharibi ya Saudi Arabia, kwa kuwa alikuta huko vijiji vingi ambavyo konsonanti zake zinalingana na majina ya Biblia. Wataalamu wa lugha na wa akiolojia waliikataa hoja hiyo, na nadhani walikuwa na haki. Ukiruhusu konsonanti tatu zipangwe upya, na irabu ziwe zozote, utaipata Yerusalemu popote unapotaka, hata Pangani.

Lakini ni haki pia kusema kwa nini mtu anaweza kutumbukia humo. Maandishi ya Kiebrania ya kale yalikuwa na konsonanti karibu tupu. Alama za irabu tunazoziona leo zilitiwa na Wamasora, wasomi wa Kiyahudi waliofanya kazi hiyo katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, miaka mingi baada ya majina mengine kusahaulika vinywani. Ndiyo maana safina ya Nuhu imetua Ararati, wakati kumbukumbu za Waashuri zinautaja ufalme wa milima ile, karibu na ziwa Van, kwa jina la Urartu. Konsonanti zimefika salama, irabu zimepotea njiani. Aliyewahi kusoma utenzi wa zamani katika herufi za Kiarabu anaijua taabu hii: alama moja inasimama kwa e na kwa i, nyingine kwa o na kwa u, na usipokuwa na mtu aliyeurithi utenzi kwa kuusikia, unaweza kubadilisha neno zima.

Mtu aliyerithi kwa kusikia. Hapo ndipo ninapompenda Edward Robinson, Mmarekani aliyeingia Palestina mwaka 1838 na mwenzake Eli Smith, mmisionari aliyekijua Kiarabu vizuri. Wengi kabla yao walifuata yale waliyoambiwa na watawa kwenye vituo vya mahujaji. Hawa wawili walikwenda vijijini wakawauliza wakulima na wachungaji: hapa panaitwaje? Na wakulima wakawajibu. Kijiji cha Anata, kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, ni Anathothi, kwao Yeremia. Mukhmas ni Mikmashi ya vita vya Yonathani. Seilun ni Shilo. Beitin ni Betheli, l ya mwisho ikiwa imegeuka n. Miaka zaidi ya elfu mbili ilikuwa imepita, falme zimekuja na kuondoka, lugha ya nchi imebadilika kutoka Kiebrania kuwa Kiaramu kisha Kiarabu, na mwanamke aliyekwenda kuteka maji alikuwa bado analitamka jina la kijiji chake.

El-Jib walisema ni Gibeoni, ule mji ambao wenyeji wake walimjia Yoshua wamevaa viatu vilivyotiwa viraka na kubeba mkate uliokauka, wajifanye wametoka mbali. Hoja ilitegemea sauti na mahali kijiji kilipo. Kisha mwaka 1956 mwanaakiolojia James Pritchard alianza kuchimba el-Jib. Akakuta shimo kubwa la duara lililochongwa kwenye mwamba, upana wake zaidi ya mita 11, ngazi zikizunguka ukuta kwenda chini kwenye maji. 2 Samweli 2 inataja birika la Gibeoni ambako watu wa Abneri na watu wa Yoabu waliketi wakitazamana. Na ndani ya kifusi kilichojaza shimo hilo kulikuwa na vishikio vya mitungi, vimekwaruzwa kwa herufi za Kiebrania cha kale jina la mahali: Gibeoni. Mtu fulani aliketi na mtungi wake akaandika alikotoka. Nikiwaza kishikio kile, kipande cha udongo cha kutosha kiganjani, naona tofauti kati ya kufanana kwa sauti na ushahidi.

Kwa Babeli, udongo umesema jambo gumu zaidi. Mwanzo 11 inaunganisha jina hilo na neno la Kiebrania balal, kuchanganya, na Biblia yetu ya zamani ikatumia maneno ya kuchafua usemi. Nilikua nikiamini hiyo ndiyo asili. Mwaka 1857 wanaume wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walipewa maandishi mamoja ya kikabari, yaani alama za kale zilizokandamizwa kwenye udongo, kila mmoja akayatafsiri peke yake bila kuona kazi ya wengine, na tafsiri zilipofunguliwa zikalingana kiasi cha kuondoa shaka kwamba mwandiko huo sasa unasomeka. Tangu hapo Wababeli wanajisemea wenyewe. Kwao mji uliitwa Bab-ili, mlango wa mungu. Bab ni mlango, kama ule wa Bab-el-Mandeb ambao manahodha wetu wameupita kwa karne nyingi. Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa nchi hiyo, nao wakaufasiri hivyo hivyo: Kadingirra, ka ikiwa lango na dingir ikiwa mungu.

Kisha wataalamu wakagundua kwamba hata hilo si mwanzo. Umbo la kale zaidi linaonekana kuwa Babil au Babila, jina la lugha ambayo haikuwa ya Kisemiti, yaani ya ukoo wa Kiarabu na Kiebrania, na Waakadi walipolikuta walilisikia kama maneno yao wakalifanya mlango wa mungu. Yaani Wababeli walilifasiri jina la mji wao kwa heshima, na mwandishi wa Mwanzo akalifasiri tena kwa hukumu, akiutazama mnara wao. Sioni kwamba mwandishi huyo alikosea. Hakuwa anaandika kamusi. Alikuwa anaujibu mji ule.

Edeni imekuwa na safari kama hiyo. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba jina hilo limetoka kwa Wasumeri, edin, mbuga kavu. Sikuwahi kuridhika: bustani yenye mito minne iitwe nyika? Mwaka 1979 ikapatikana sanamu huko Tell Fekheriye, kaskazini ya Syria, imeandikwa lugha mbili, Kiaramu na Kiashuri. Katika Kiaramu chake mungu wa mvua, Hadadi, anasifiwa kwa kuzineemesha nchi zote, na kitenzi kilichotumika kina konsonanti zile zile za Edeni. Maji na shibe. Wengi sasa wanaelekea huko, nami nawafuata kwa moyo mkunjufu.

Yerusalemu nitaieleza kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa najua wapo watakaoumia. Jina ni la zamani kuliko Daudi, kwa karne nyingi. Wamisri wa karne ya 19 au ya 18 KK waliandika majina ya maadui kwenye vyombo na sanamu za udongo kisha wakazivunja, na humo limo jina ambalo wengi hulisoma Rushalimum. Mwaka 1887 yakapatikana huko Amarna, Misri, mabamba ya udongo ya karne ya 14 KK, barua za watawala wadogo wa Kanaani kwa Farao. Sita zimetoka kwa mtawala wa Urusalimu, ambaye wataalamu wengi humsoma Abdi-Heba. Abdi tunaijua, mtumishi, mwenye kuabudu. Heba alikuwa mungu mke wa Wahuri, taifa la kale la kaskazini. Anamlilia Farao amletee askari wa upinde kabla nchi haijapotea.

Na salemu? Huko Ras Shamra, pwani ya Syria, ambako jembe la mkulima lilifunua mji wa Ugariti mwaka 1928 (rasi ya shamari, kwa Kiswahili chetu, maneno yote mawili tunayo), yamekutwa mashairi yanayomtaja Shahari, mungu wa alfajiri, na Shalimu, mungu wa magharibi, pale siku inapokamilika. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mji uliitwa msingi wa Shalimu. Mimi hilo halinipunguzii imani. Anathothi ya nabii Yeremia ilibeba jina la mungu mke Anati, na Bwana akamwita nabii kutoka humo humo. Shina la Shalimu ni ukamilifu, na ukamilifu ukazaa amani. Mwandishi wa Waebrania 7 anaposema mfalme wa Salemu ni mfalme wa amani, anachuma tunda la mti uliopandwa na wengine. Tunda hilo hilo Sultani Majid alilichuma miaka ya 1860 alipojenga karibu na kijiji cha Mzizima, na mamilioni ya watu leo wanalitaja wakipanda basi kwenda Dar es Salaam.

Wiki iliyopita nilirudi kibarazani na karatasi. Nilikuwa nimeandika majina ya mto mmoja, ule ambao Mwanzo 2:14 inauita Hidekeli. Wasumeri waliuita Idigna. Waakadi, Idiqlat. Waaramu, Diglat. Waajemi wakalichukua wakalibadili kuwa Tigra, na Wagiriki wakatoa hapo Tigris, jina la ramani za Wazungu. Wapo waliodhani hata Wasumeri walilikuta jina hilo kwa watu waliowatangulia.

Maalim alivaa miwani, akaomba kalamu. Chini ya orodha yangu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni jina ambalo watu wa Baghdad wanautajia mto ule hadi leo: Dijla. Akaweka kidole juu ya dali, akapandisha macho hadi d ya Idigna. Akasogeza kwenye jimu, akaitafuta g, akaipata. Kwenye lamu akasita, kwa kuwa Idigna haina l. Akashuka mstari mmoja hadi kwa Waakadi, akaikuta pale, akaigonga mara mbili kwa ukucha.

"Huyu," akasema, "ameingilia hapa."